Kasi Isiyoganda

Mume wangu aliacha kuendesha lori Jumanne asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Kikombe kilianguka kwanza, yeye akafuata, na kwa dakika tatu nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni nikimshikilia kichwa kisigonge mguu wa meza, nikiita kila mtu ninayemjua. Alipozinduka aliniuliza kwa nini nalia. Halafu akauliza ni saa ngapi, maana saa mbili alitakiwa awe bohari kupakia mafuta.

Hakupakia siku hiyo wala siku nyingine. Miaka ishirini na miwili alikuwa dereva wa lori la mafuta, wenzake wakamwita Tangi mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika, na mimi pia nikikasirika namwita Tangi. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole lakini asiyezungukazunguka, alituambia ni kifafa, na kwamba kifafa kinaweza kuanza hata kwa mtu mwenye mvi. Akaandika vidonge. Akasema tukimaliza mwaka mzima bila tukio hata moja, atamwandikia mwajiri barua ya kumrudisha barabarani. Likitokea tukio, tunaanza kuhesabu upya. Tangi akamuuliza kama mwaka wa hospitali nao una miezi kumi na miwili. Daktari hakucheka.

Kazini hawakumfukuza, lazima niseme ukweli wa watu. Meneja wa magari alimweka getini. Anafungua geti, anaandika namba ya lori linalotoka, anafunga geti. Lori lake mwenyewe alipewa mtu mwingine ambaye, kwa maneno ya Tangi, alikanyaga klachi kama anaua mende. Kila asubuhi Tangi alimfungulia geti huyo muuaji wa mende, akabaki amesimama kwenye vumbi akisikiliza gia zinavyolia mpaka lori linapinda kona.

Jioni alirudi akakaa sebuleni kutazama ukuta. Mimi ni fundi wa mapazia na cherehani yangu iko hapohapo sebuleni, karibu na dirisha, kwa hiyo mimi nilishona na yeye akatazama ukuta. Ningefanya nini? Mtu unaweza kumpikia, kumfulia, kumwombea. Kumrudishia usukani huwezi.

Usukani aliuleta binti yetu. Alipohamia mji mwingine kwenye kazi yake ya ualimu, alituachia kompyuta yake ya kuchezea gemu, lidude jeusi lenye taa za rangirangi. Akamwekea baba yake gemu la kuendesha malori, akamtafutia usukani wa plastiki unaobanwa mezani, na pedali tatu za kuweka chini. Nilicheka mpaka machozi. Siku ya kwanza nilimwona mtu mzima mkono unampita begani, anatafuta mkanda wa kiti ambao haupo!

Lakini kicheko kilikatika upesi, maana uso wake ulibadilika nikiuona. Kwenye gemu lile alikuwa dereva yuleyule. Anakagua vioo, anapisha, hazidishi mwendo. Ukimwita chakula kinapoa anakujibu, "Niko kwenye mteremko, subiri." Gari la kwenye gemu likimkata mbele, analiambia kwa heshima zote, "Mzee, leseni ulipewa na nani?" Akaanza kula. Usingizi ukamrudia. Kwenye kalenda ya jikoni alikuwa anakata tarehe moja moja kwa kalamu nyekundu, na mimi nikajipa moyo kwamba mwaka nao ni siku tu, zitapita.

Mwezi wa saba wa kuhesabu kwetu gemu likaletewa ramani mpya ya milima. Kuna mvua, kuna ukungu, kuna magari mengi, na kompyuta ikaelemewa. Picha ikawa inasuasua, unakata kona, lori linakata baadaye. Tangi akamwita Waya, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, mtu mwembamba anayeongea kama anakimbizwa. Waya akamweleza kitu ambacho kilimpa mume wangu maisha mapya na mimi kikanipa maumivu ya kichwa. Prosesa, alisema, ndiyo injini ya kompyuta, na kiwandani huwekewa kasi ya wastani ili isimsumbue mtu. Ukiingia kwenye ukurasa wa mipangilio kabla mashine haijaamka vizuri, unaweza kuipandisha ikimbie zaidi. Ikikimbia zaidi inataka umeme zaidi. Ikipewa umeme inapata joto. Joto likizidi inaganda au inajizima yenyewe. Wenyewe wanaita ovaklok.

"Kupandisha kila mtu anaweza," Waya akasema. "Kazi ni kupata kasi ambayo itakaa nayo siku nzima bila kuyumba."

"Kama injini tu," Tangi akajibu, macho yamemtoka.

"Kama injini, mzee. Ila hii ikikufia haikuachi porini."

Basi likanunuliwa daftari. Tangi alipiga mistari kwa rula: kasi, volti, joto, imekaa muda gani. Anapandisha hatua moja, anawasha, anaipa mtihani. Mtihani wenyewe ni programu inayoifanyisha prosesa kazi ya punda mfululizo bila kupumzika. Ikianguka dakika ya tisa, anaandika tisa, anaongeza volti kidogo, anaanza tena. Asubuhi akienda getini ananiachia maagizo. "Mama watoto, itazame. Kioo kikiwa cha bluu, ujue imeanguka, niandikie saa." Mimi na mapazia yangu nikageuzwa nesi wa kompyuta. Feni inavuma, cherehani inavuma, na mimi kila nikimaliza upindo nageuka kumtazama mgonjwa. Nilimwambia hata binti yetu alipougua surua sikumtazama hivi.

Daktari naye alikuwa anafanya jambo hilohilo kwa Tangi. Nusu kidonge, wiki mbili, rudini tuone. Ongeza nusu, wiki mbili, rudini. Nilipomwambia Tangi akacheka, akasema, "Basi mimi na yeye wote tunatafuta namba."

Ijumaa moja mashine ilikaa saa kumi na mbili nzima, joto nyuzi sabini na nane, haikuyumba. Aliporudi nikamwambia imefaulu. Akaninyanyua! Mimi, na kilo zangu hizi, nikamwambia anishushe kabla hatujahitaji daktari wa pili. Ilikuwa mwezi wa tisa. Hakuna tukio lililotokea, mashine imetulia, mtu wangu anacheka. Nilikuwa na furaha, naikumbuka furaha hiyo mpaka nilikuwa nimevaa nini.

Wiki iliyofuata nikamsikia anapiga meza. "Imeganda!"

"Si imefaulu mtihani?"

"Mtihani imefaulu. Nikiendesha inaganda. Niko barabarani, kufumba na kufumbua niko mtaroni."

Alivyoeleza yeye, picha ilikuwa inaruka. Anaona daraja mbele yake, halafu papo hapo daraja liko nyuma na lori limelala ubavu. Akashusha kasi hatua moja. Mtihani saa kumi na mbili, umepita. Akaendesha siku tatu, ya nne mtaroni. Akaongeza volti. Mtihani umepita. Mtaroni. Akashusha hatua mbili. Waya akaja, akafungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akabadilisha pesti ya kupozea prosesa, akachomoa na kuchomeka kila kinachochomoka.

"Mzee, mimi naona mashine ni nzima."

"Nzima vipi na inanitupa mtaroni?"

"Labda gemu lenyewe."

Wakafuta gemu wakaliweka upya. Siku nne shwari, ya tano mtaroni. Mwisho Tangi akairudisha prosesa kwenye kasi ileile iliyotoka nayo kiwandani, akaona aibu kama mtu aliyerudishwa darasa. Na huko nako ikaganda. Nilimkuta amekaa mbele ya kioo, mikono iko mapajani.

"Hata ya kiwandani inakataa," akaniambia. "Sasa niishushe mpaka wapi?"

Nilimhurumia na nilikuwa nimemchoka, vyote kwa pamoja. Nikamwambia aachane na plastiki hiyo, kwani amebakiza siku ngapi apande lori la chuma? Mwaka wake ulikuwa unaisha. Meneja alishamwahidi lori lake lilelile. Miadi ya daktari ilikuwa Alhamisi, siku kumi na mbili mbele.

Hayo nilimwambia Jumamosi, asubuhi. Saa nne akakaa kuendesha tena, maana hasikii. Mimi nilikuwa na pazia la ukumbi, mita sita, haliwezi kukaa mezani, nikalitandaza sakafuni na kuketi kando ya kiti chake kulipinda kwa mkono. Sikuwa nimewahi kukaa upande ule. Siku zote nakuwa dirishani kwenye mwanga, mgongo nimempa yeye.

"Nipe mkasi huo," nikasema. Ulikuwa pembeni ya kiwiko chake.

Hakunipa. Nikasema tena kwa ukali. Kimya. Nikainua macho kumsuta. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanaangalia chochote. Midomo inachezacheza, kama anaonja chumvi. Mkono wa kushoto unausugua usukani mahali pamoja, unausugua, unausugua. Nikageukia kioo. Mvua ilikuwa inanyesha. Wipa zilikuwa zinakwenda, huku na huku. Gari lililokuwa linakuja likawasha taa, likapiga honi, likapita. Barabara ikapinda, lori halikupinda. Lilikwenda tu, taratibu, moja kwa moja hadi mtaroni. Nilikuwa nahesabu bila kujua nahesabu. Kumi na moja.

Tangi akapepesa macho, akameza mate, akaona mtaro, akapiga meza kwa kiganja.

"Umeona? Imeganda tena!"

Nikamkumbuka daktari. Kila miadi daktari alikuwa na swali moja aliloniuliza mimi, si yeye. Kuna wakati anazubaa, hasikii ukimwita, anatafunatafuna? Mwenyewe hawezi kujua, ndiyo maana nakuuliza wewe. Na mimi kila mara nilijibu hapana, haraka, kifua mbele, kama mwanafunzi anayejua jibu. Sikudanganya. Nilikuwa naangalia sakafuni kama ameanguka. Nani angejua kwamba mtu anaweza kuanguka akiwa amekaa?

"Nimeona," nikamwambia. Nikanyanyuka nikauchukua mkasi mwenyewe.

Siku nne sikusema. Kazi yangu ilikuwa kumtazama. Anapiga mswaki, namtazama. Anafunga kiatu, namtazama, mpaka akaniuliza kama nimeanza kumpenda upya. Jumatatu ilimpata mezani, kijiko hewani, nikahesabu saba, kijiko kikaendelea na safari yake mdomoni na yeye akaendelea na hadithi ya muuaji wa mende kutoka neno jingine kabisa. Nikatafuta maneno ya kujidanganya. Daktari alisema tukio. Sekunde saba nazo ni tukio? Labda ni uchovu. Labda ni hizo taa za rangirangi. Halafu nalikumbuka lile tangi lenyewe, lita elfu thelathini na tano za petroli, na mteremko aliokuwa ananisimulia kila safari, wenye shule ya msingi upande wa kulia na kona pale chini. Sekunde kumi na moja kwenye mteremko ule. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia Tangi, na ile kompyuta ningeipiga nyundo, ilivyokuwa nzima!

Yeye siku hizo alikuwa anapiga pasi ovaroli. Mwaka mzima ilikuwa kabatini, sasa anaipiga pasi, anaitundika mlangoni, anarudi kuinyoosha kola.

Jumatano alirudi mapema akachukua simu. "Nampigia Waya anitafutie prosesa nyingine. Hii imekufa."

"Usimpigie."

"Kwa nini?"

"Kompyuta haigandi." Nilitaka kutafuta njia laini, sikuipata. "Unayeganda ni wewe."

Akacheka kidogo. Alipoona sicheki, akakaa. Nikamwambia yote, midomo, mkono, wipa, kijiko. Nikamwambia namba.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Nitumwe na nani, baba?"

"Zimebaki siku nane. Nane! Mwaka mzima nimemeza vidonge, sijagusa bia, nimelala kama kuku. Siku nane unaniletea hadithi. Unataka nizeekee pale getini nikiwafungulia wenzangu?"

Nilitaka kumwambia kwamba kama ningeweza kumtoa pale getini kwa kukatwa mkono, angechagua yeye mkono upi. Badala yake nikarudi kwenye cherehani, na yeye akadhani huo ni ukaidi. Kesho yake akaenda getini. Alipotoka kazini, kabla hajavua viatu, akanipa simu.

"Simama nyuma. Piga video, mimi na kioo pamoja. Tutajua nani anaganda."

Nikasimama nyuma yake nikiomba nionekane mwongo. Naapa hivyo ndivyo nilivyoomba. Alhamisi aliendesha saa nzima, safi. Aliposhuka kwenye kiti alinitazama kwa jicho la pembeni, akapiga mluzi. Ijumaa saa nzima, safi, hakugusa hata mstari wa barabara. Nikaanza kujiuliza kama niliota. Jumamosi mkono ulikuwa umenichoka na nimeuegemeza kwenye kabati, nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinaanza kuusugua usukani. Nikaiinua simu vizuri. Sikumwita. Sijui kwa nini sikumwita. Nilihesabu tu, kama kawaida, na lori likapita kizuizi cha barabarani bila kusimama, likaingia kwenye ukuta.

"Ime…" akaanza, halafu akaacha. Aligeuka akanitazama usoni, akanyoosha mkono kuomba simu.

Nilidhani ataangalia mkono wake. Hakuuangalia. Alikuza picha kwa vidole akaangalia kioo cha kompyuta kilichokuwa mbele yake, akaangalia mwanzo mpaka mwisho, akarudia.

"Wipa zilikuwa zinakwenda," akasema.

"Ndiyo."

"Zinakwenda vizuri kabisa."

Akaondoka na simu yangu, akaingia bafuni, akafungua maji. Maji yalimwagika muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kunawa. Alipotoka aliiweka simu juu ya cherehani, akaenda nje. Nikaifungua. Video ya Jumamosi haikuwepo. Zile mbili za Alhamisi na Ijumaa, ambazo ameendesha vizuri mwanzo mpaka mwisho, alikuwa ameziacha.

Sikumuuliza. Ningemuuliza nini? Jumapili aliirudisha prosesa kwenye kasi ya juu, ile iliyokaa saa kumi na mbili, akaiwasha na kuiacha inavuma bila kukaa kwenye kiti. Jumatatu alikwenda getini. Jumanne alikwenda getini. Tulizungumza habari za chumvi, za maji, za binti yetu, na kila nilipofungua mdomo kusema lile jingine, ovaroli ilikuwa imening'inia mlangoni. Kama nikinyamaza, namrudishia maisha yake na labda nawaua watu nisiowajua. Kama nikisema, nimemfungia geti mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nilifika Alhamisi sijaamua.

Alivaa shati jeupe. Tulikaa kwenye benchi la korido, akawa anauliza wagonjwa wengine zamu zao kana kwamba ana haraka ya kwenda kupakia. Tulipoingia, daktari alikuwa na faili wazi na tabasamu ambalo hatukuwahi kuliona.

"Leo ndiyo mwaka wenu," akasema. Barua ilikuwa imeshachapwa, iko mezani, imebaki sahihi. Akachukua kalamu. "Tumalizie tu. Tangu mara ya mwisho, tukio lolote? Chochote kile?"

Nikatazama sakafu. Nilimsikia mume wangu akisafisha koo, nikasubiri aseme hapana, na Mungu anisamehe, kuna upande wa moyo wangu ulikuwa unamsukuma aseme.

"Muulize mke wangu," akasema Tangi. "Mimi sikuwepo."

Daktari akaweka kalamu chini, akanigeukia. Tangi alikuwa ameushika mkono wangu chini ya meza, ameubana mpaka pete inaniuma, na hakuuachia muda wote niliokuwa nasema.